Upande wa Masanduku

Kang'! Kang'! Kang'-kang'-kang'!

Kelele zilimkuta Cheche gizani. Fundi aliyeshusha kofia ya kuchomelea haoni hata pua yake mpaka moto uwake, na kijiti cha kuchomelea kilikuwa kimemwishia mkononi wakati huo huo. Akasikia tu: chuma juu ya chuma, bila mpangilio, kama watu wanaogombania jiko moja. Akainua kofia, akakunja uso kwa mwanga wa alasiri, akatazama ng'ambo ya uwanja.

Kwenye roshani za Masanduku, wanawake walikuwa wanagonga sufuria.

Masanduku ndilo jina ambalo watu wa mtaa walizipa zile ghorofa. Kibao chake kilisema "Nyumba za Bei Nafuu", lakini mtaa wa zamani haukupoteza muda kusoma kibao. Zilijengwa pale palipokuwa pori, nyeupe, zimenyooka, madirisha yamepangwa kama droo za kabati. Waliopata nyumba kwa kura walihamia na magodoro yao vichwani, na tangu siku hiyo kila kilichopotea mtaani kilijulikana kimekwenda wapi. Ndoo imepotea? Masanduku. Kuku hakurudi? Masanduku. Kinyozi alipoikosa kofia yake aliwalaani watu wa Masanduku asubuhi nzima, mpaka mke wake alipomwambia ajaribu kushika kichwa.

Hofu ile ilimpa Cheche kazi hata akakosa nafasi ya kula. Kila nyumba ilitaka grili za madirisha, na kila aliyemwita alimsimamisha mbele ya nyumba, akaonyesha kwa kidole: "Upande huu, fundi. Huu unaotazamana na wale." Naye alichomelea. Alijivunia mkono wake. Alisema wazi, bila kuulizwa, kwamba mji mzima hauna fundi wa kumfikia. Sasa mtaa ulikuwa umemtuma kazi kubwa kuliko zote. Uzio wa seng'enge ulishafungwa kati ya mtaa na uwanja, ukabaki mwanya mmoja tu ambapo njia ya miguu ilipita. Mwanya huo Cheche aliambiwa auzibe kwa geti. Ufunguo utakaa kwa Mwenyekiti. Mtu wa Masanduku akitaka kuja mtaani, azunguke barabara kuu.

Na dada yake Cheche, wa tumbo moja, aliishi Masanduku, ghorofa ya juu kabisa.

Simu ilitetemeka mfukoni. Akaitoa, akaona ni yeye, akairudisha. Hawakuwa wamesemezana tangu alipokubali kazi ya geti. "Kwa hiyo mimi ndiye mwizi unayemfungia?" dada alikuwa amemuuliza siku ile, naye akajibu kwamba kazi ni kazi, jibu ambalo hata yeye mwenyewe halikumkaa vizuri mdomoni.

Kang'! Kang'! Kang'!

"Sasa hii ni dharau!" Mwenyekiti alikuwa ametoka nje na shati halijafungwa vifungo. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi wa mabasi maisha yake yote, na alistaafu kazi bila kustaafu tabia: hukutani naye bila kuulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi. "Watu wamelala kidogo wapumzike, wao wanatupigia ngoma!"

Mtaa ukatoka. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja wake akatoka nyuma yake, nusu ya kichwa imenyolewa. Wakasimama wote kwenye uzio, mikono kiunoni, nyuso zimeelekea Masanduku.

"Kama mmekosa cha kupika, semeni!" Kinyozi alipaza sauti.

Wanawake wa kule juu nao walipiga kelele, lakini upepo uliyachukua maneno yao, zikabaki ishara za mikono tu. Mtaa ulizielewa ishara zile kwa namna uliyoipenda.

"Umeona? Anatuonyesha kwamba turudi nyuma! Nyumbani kwetu!"

"Rudini ninyi mlikotoka!"

Wakatukanana hivyo kwa muda mrefu, kila upande ukijibu usichokisikia, mpaka sufuria zikanyamaza zenyewe. Watu wakarudi majumbani kifua mbele. Kisha mke wa Mwenyekiti akapiga ukelele mmoja uliowarudisha wote nje. Televisheni haipo. Mlango wa nyuma u wazi. Cheche akakimbilia stoo yake nyuma ya nyumba, akakuta mlango unaning'inia kwa bawaba moja. Grinda yake, mashine ya kukatia chuma, mkono wake wa kulia, imekwenda.

Haikuhitaji mkutano mrefu.

"Walitupigia sufuria ili tutoke mbele," Mwenyekiti alisema, "wenzao waingie nyuma. Mpango wa kitaalamu kabisa. Cheche, geti hilo litakuwa tayari lini?"

"Jumamosi, Mzee," Cheche alijibu papo hapo.

Jua lilikuwa halijashuka dada alipokuja mwenyewe, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Alishona mapazia na sare za shule. Alipita kwenye ule mwanya wa uzio, akasimama katikati ya watu bila salamu.

"Tulikuwa tunawaita!" alisema. "Tumemwona mtu anaingia kwenu kwa nyuma. Tumeita mpaka sauti zimekauka!"

"Mnaita kwa sufuria?" Mwenyekiti alimcheka.

"Tungewaita kwa nini, kwa barua? Huyu hapa," akamnyooshea Cheche kidole, "nimempigia simu. Muulizeni."

Macho yote yakamgeukia Cheche. Lilikuwa jambo jepesi: kusema ndiyo, alipiga, mimi sikupokea. Lakini geti lilikuwa limelala miguuni pake, na wateja wake wote walikuwa wamesimama hapo, na grinda yake ilikuwa imeibwa, na kiburi kina uzito wake. Akainama, akajifanya anatafuta kijiti.

Dada alitazama mgongo wake ulioinama. "Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekusikia." Akageuka, akaenda zake.

Mama yao alikuwa ameyaona yote kutoka kizingitini. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, lakini kila siku alivuka uwanja ule kwa mkongojo kwenda kumwona binti yake na kurudi. Aliishi na Cheche tangu mumewe afariki, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Siku utakayosimamisha hilo dude," alisema, "ujue mimi nitakuwa upande ule."

"Mama, usinitanie."

"Godoro langu utalibeba wewe. Mguu huu hauwezi."

Alidhani ni hasira za siku moja. Ikawa siku ya pili mama amefunga nguo zake kwenye kanga. Ikawa Ijumaa, Cheche ametoka kuchimba mashimo ya nguzo, akamkuta amekunja shuka. Jumamosi asubuhi godoro lilikuwa limesimamishwa mlangoni, limefungwa kamba.

Na nje mtaa mzima ulikuwa umekusanyika kuona geti linavyosimama. Zege lilikuwa linachanganywa. Viti vimetolewa. Kinyozi alikuwa amefunga duka.

"Fundi, tunakusubiri wewe tu!" Mwenyekiti aliita.

"Nakuja, Mzee. Nampeleka Mama mara moja."

"Unampeleka wapi?"

Cheche alirudi mlangoni. Akajitwika godoro, akashika kifurushi, akapita kwenye mwanya ambao yeye mwenyewe alikuwa anaelekea kuuziba, na mama yake nyuma, tak, tak, mkongojo wake ukipiga ardhi ngumu. Watu waliwapisha. Ni jambo moja kumfungia njia mtu usiyemjua. Ni jambo jingine kumwona bibi wa mtaa akihama kwa sababu yako. Lakini hakuna aliyesema kitu, maana kila mmoja alisubiri mwenzake aseme.

Cheche hakuwahi kukanyaga ndani ya Masanduku. Alitarajia nini, hata mwenyewe hakujua. Labda uvundo, labda vijana wamejibanza kwenye ngazi na visu. Alikuta ngazi zimepigwa deki na viatu vidogo vya watoto vimepangwa milangoni. Mlango mmoja ulitoa harufu ya maharagwe, mwingine harufu ya rangi mpya.

"Karibu, fundi!" mwanamke mmoja mnene alimwambia akiwa amebeba watoto wawili, mmoja kila upande. Walimwita Mama Mapacha. "Umekuja kutupima na huku? Mimi nataka geti la chumbani. Mume wangu anakoroma."

Masikio yakamwaka moto. "Nimekuja na godoro tu, shemeji."

"Mimi shemeji yako tangu lini? Mchokozi wewe!" Akacheka, akampisha.

Walipumzika kila ghorofa kwa ajili ya mguu wa mama. Walipofika juu, dada alifungua mlango, akampokea mama kwa mikono miwili, na kumwambia ndugu yake, "Weka pale."

Sebule ilikuwa ndogo. Cherehani ilikaa dirishani, na juu yake pazia la bluu ambalo halijamalizika. Ukutani alikuwa amepigilia misumari ya kutundikia vitu, mistari na mistari ya misumari. Cheche aliitazama ile misumari. Katika vyumba vyote alivyopanga dada yake, hakuwahi kuona msumari. Mwenye nyumba alikataza.

"Unashangaa misumari," dada alisema.

"Sijasema kitu."

"Wewe huwa husemi kitu. Hilo tumeliona." Akakaa kwenye cherehani, akazungusha gurudumu bila kushona. "Nimekaa vyumba ambavyo siwezi hata kuvikumbuka. Mwenye nyumba akikohoa, mimi nafunga mizigo. Unajua mtu wa kuhama-hama anaishije? Haangalii nje. Aangalie nini? Majirani wenyewe atawaacha. Akisikia mtu anavunja mlango wa pili, anajifunika shuka, maana mlango ule si shida yake na mtaa ule si wake. Nilikuwa hivyo. Hapa, mdogo wangu, hakuna wa kuniambia nihame. Siku ya kwanza nilifungua dirisha hili nikajikuta natazama chini: nani anapita, mtoto wa nani anacheza wapi. Tuko wengi tunaotazama. Nyuma ya mapazia haya kuna macho mengi kuliko unavyodhani. Unalikumbuka pori?"

Alilikumbuka. Nani asingelikumbuka? Mwanamke hakupita pale peke yake hata mchana. Dada mwenyewe alinyang'anywa mkoba humo, na kitambaa cha mteja ndani yake, akalia wiki nzima. Cheche aligundua, na ugunduzi ule ulimkera, kwamba tangu ghorofa zisimame hakuwa amesikia mtu hata mmoja amekabwa uwanjani.

"Njoo uone kazi yako," dada alisema, akasogeza kiti.

Akainama dirishani.

Mtaa wote ulikuwa chini yake kama sinia. Kutoka juu vile, na kwa jinsi mtaa ulivyopinda, uliona mbele ya nyumba na nyuma yake kwa mara moja. Mbele, kila dirisha liling'aa kwa grili zake: maua, miale, herufi za majina ya watu, kazi safi. Nyuma palikuwa na milango ya mbao zilizooza, vyandarua vilivyotoboka, dirisha la jikoni lililozibwa kwa gunia. Zaidi ya hapo kulikuwa na korongo la maji ya mvua lililokwenda hadi barabara kuu, limejaa magugu, mtu anaweza kutembea humo wima asionekane na yeyote. Isipokuwa na aliye hapa juu.

Amezifunga nyumba zote upande mmoja. Upande wa kutazamana na Masanduku.

Cheche alianza kucheka. Ulikuwa msiba wake mwenyewe na bado alicheka, mpaka mama akauliza ana nini. "Mama, nimewafungia watu mlango wa mbele, nikamwachia mwizi wa nyuma!"

Kwenye korongo magugu yalitikisika. Akatokea mtu mwenye suruali ya kijivu na gunia tupu begani, hana haraka, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Akakanyaga uzio wa nyuma wa Mwenyekiti. Mtaa mzima ulikuwa mbele, unasubiri geti.

Kang'! Mama Mapacha alikuwa ameshamwona. Kang'! Kang'! Roshani ya chini yake ikajibu, na ya pili.

Na chini kule Cheche akaona kitu ambacho mtu hapewi nafasi ya kukiona mara nyingi: akajiona mwenyewe. Mwenyekiti aliruka kitini, akaanza kutikisa kidole kuelekea ghorofani. Kinyozi aliweka mikono kiunoni. Watu wote, kila mmoja, walijipanga kwenye seng'enge na kutukana kuelekea juu, na migongo yao ikaitazama nyumba ya Mwenyekiti, ambako mlango wa jikoni ulikuwa unafunguka taratibu.

"Nyuma!" Cheche alipaza sauti. "Geukeni nyuma!"

Upepo ukala maneno yake. Alimwona Kinyozi akimjibu kwa ishara mbaya sana.

Akatoa simu, akampigia Kinyozi. Kinyozi akaonekana anapekua mfuko, anatazama simu, anasita. *Pokea,* Cheche alijisemea. *Pokea, ndugu yangu, usiwe kama mimi.*

"Ee, fundi, uko wapi? Hawa washenzi wameanza tena..."

"Geuka nyuma."

"Nini?"

"Wape Masanduku mgongo! Yuko kwa Mwenyekiti, jikoni, sasa hivi!"

Kinyozi akageuka. Mtu mmoja akigeuka, wa pili anageuka kuona kuna nini, na hivyo mstari wote ukazunguka. Mwenye suruali ya kijivu alikuwa anatoka na gunia limevimba. Akawaona, akatupa gunia, akakimbia.

"Hayuko korongoni," Cheche alielekeza kwenye simu. "Kazunguka choo. Kushoto. Kushoto yako wewe, si yangu! Kaingia banda la kuku!"

Kuku walitoka wote kwa mkupuo, na Mwenyekiti, kwa wepesi ambao hakuna aliyeujua, akasukuma mlango wa banda na kuukalia kwa mgongo. Watu wakafika. Cheche aliona mawe yameanza kuokotwa. Aliona ubao ukinyanyuliwa.

"Kinyozi! Weka simu kwa sauti, wote wasikie. Weka!" Na sauti yake ikatoka kwenye simu ile ndogo, kali kama moto wake: "Msimguse! Tazameni huku juu!"

Wakatazama. Kila roshani ya Masanduku ilikuwa imejaa watu, wanawake na wazee na watoto, wamesimama na sufuria zao, kimya, wanaangalia. Hakuna mkono unaonyanyuka kwa urahisi mbele ya macho mengi hivyo. Jiwe moja lilidondoka, kisha jingine. Wakamlinda humo bandani mpaka polisi walipokuja wakamtoa, manyoya yamemjaa nyweleni, na alipopitishwa watu wazima walimtambua. Alikuwa wa pori lile la zamani. Alikuwa anaiba mtaani humo kabla hata tofali la kwanza la ghorofa halijawekwa. Watu walikuwa wamesahau tu, kwa sababu kulaumu kilicho kipya hakuchoshi.

Haukupita muda, mlango wa dada ukagongwa. Alikuwa Mwenyekiti, anahema, ameshika ukuta.

"Unatoka wapi, Mzee?" dada alimuuliza, sura kavu kabisa.

"Nyumbani," alijibu, kisha akaelewa, akakubali kushindwa. "Nakuja hapa kwako, binti yangu. Kama unaniruhusu. Nataka kuona."

Akavua viatu. Akainama dirishani kwa muda mrefu.

"Ule mlango uliofungwa kwa waya ni wa nani?"

"Wako, Mzee," Cheche alisema.

"Na lile gunia dirishani?"

"Lako pia."

"Aisee," Mwenyekiti alisema. "Ninaishi vibaya."

Nyuma yake alikuja mke wake, halafu Kinyozi, na muda si muda ngazi zilikuwa zimejaa foleni ya watu wa mtaa waliotaka kutazama migongo ya nyumba zao. Dada aliwapanga, akawaamuru wavue viatu, akawakataza kugusa pazia. Mama Mapacha alipita akiwauliza kama wameleta sufuria zao. Si wote waliopanda. Wapo waliobaki kwenye uzio wakisema mwizi mmoja hafuti kitu, na kwamba geti liwekwe tu, nani ajuaye. Mwenyekiti aliwapigia simu kutoka dirishani, akawaambia kwamba zege limeshakauka na yeye amechoka, wataongea siku nyingine.

Watu walipokwisha kuondoka, ndugu wawili walibaki peke yao sebuleni. Mama alikuwa ameshatandika godoro lake na amelala, na kwa namna alivyolala, hakuwa na mpango wa kurudi upesi.

"Ulinipigia siku ile," Cheche alisema. "Niliona jina lako. Nikairudisha simu mfukoni. Halafu uliponiita shahidi mbele ya watu nikanyamaza."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nisamehe, Dada."

Dada aliweka pazia chini ya sindano, akashona mstari mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Wataongea siku nyingine, umesikia," alisema. "Siku nyingine itakuja. Kuna ndoo itapotea, kuna kuku hatarudi, na watakuja kukuamsha wewe kwanza, maana wewe ndiye mwenye mkono. Utawaambia kazi ni kazi?"

Cheche alisimama. Kulikuwa na maneno makubwa kifuani mwake, ya kujipiga kifua, aina anayoipenda. Akayaacha. Akavuta kiti, akakaa karibu na cherehani ili asihitaji kupaza sauti.

"Milango ya nyuma nitaitengeneza yote, ya kila atakayeniita," alisema. "Lakini sikiliza, Dada, na Mama najua hajalala: mkono huu hautasimamisha chuma kati yenu na sisi. Waje asubuhi, waje wote pamoja, waje na fundi mwingine. Watanikuta nimesimama kwenye ule mwanya, na sitatoka."